MSAIDIZI NAYE ANA JINA: Funzo la cheo cha Askofu Msaidizi kwetu sisi wa Vanga

Jioni moja baada ya swala ya Alasiri tulikuwa tumeketi barazani hapa Vanga, sisi watu wazima wanne watano, pamoja na vijana wawili waliokuwa wakitengeneza nyavu zao, na redio ikitusomea habari. Mara msomaji akataja kwamba katika mazishi fulani huko bara ibada iliongozwa na Askofu Msaidizi. Kijana mmoja akaacha kazi yake akanigeukia. "Ami," akasema, "huyo askofu msaidizi ni nani? Ni askofu au si askofu?" Kabla sijafungua mdomo, mzee mmoja alinitangulia kwa jibu: "Mwanangu, msaidizi popote pale ni yule afanyaye kazi ya mwenziwe na asitajwe." Baraza zima likacheka.

Nami nilicheka pamoja nao. Lakini usiku, nilipokuwa nikisikiliza maji yakijaa mikokoni, lile jibu la mzee lilinirudia, wala halikunichekesha tena. Nililiona ni kweli tupu, na tena ni kweli inayotuhusu sisi zaidi kuliko inavyowahusu wenye kanisa. Ndipo nilipoazimia kuandika maneno haya.

Najua kuna msomaji atakayeshangaa. Atasema: huyu aliyekalia jamvi la chuoni, akahitimu Kurani kabla ya kujua herufi za Kizungu, ana nini na maaskofu? Jibu langu ni hili. Kwanza, neno lenyewe "askofu" limetufikia kwa Kiarabu, nalo ni usquf, na wasomaji wa Sira wanalijua tangu zamani. Wale Wakristo wa Najrani waliokwenda Madina kuonana na Mtume (S.A.W.) walikuwa na askofu wao, Abu Haritha. Mtume aliwapokea msikitini, akazungumza nao, na wala hakuona haya kujua nani ni nani katika msafara wao. Pili, mtu mwenye busara hutazama nyumba ya jirani. Hatazami ili ahamie humo. Hutazama apate kujua yake inavuja wapi.

Basi na tuitazame.

Katika Kanisa la Anglikana kila askofu mwenye madaraka kamili ana eneo lake, liitwalo dayosisi, na ana kiti chake katika kanisa kuu la eneo hilo. Askofu msaidizi amewekewa mikono na maaskofu wenziwe kama yeye, na amewekwa wakfu kama yeye. Kwa upande wa daraja ya dini hapungukiwi na kitu. Kinachompungukia ni kiti. Eneo si lake, hukumu ya mwisho si yake, na kazi afanyayo huifanya kwa idhini ya mwenye kiti. Kwa hiyo lile swali la kijana wa barazani lina jibu: ni askofu kamili, ila hana pa kukaa.

Cheo hiki kina asili ya zamani. Huko Uingereza mfalme Henry wa Nane alipitisha sheria mwaka 1534 ya kuweka maaskofu wadogo chini ya wakubwa, na miji ambayo wangeitwa kwa majina yake ikatajwa katika sheria hiyo. Kabla ya miaka mia kupita cheo kilikuwa kimelala usingizi, wala hakikuamshwa hadi mwaka 1870. Huko kwao haja ilikuwa moja tu: kazi ilizidi nguvu za mtu mmoja, akapewa wa kumsaidia. Mpaka hapo hapana la kulaumu.

Lakini cheo kilipovuka bahari kuja Afrika kilibadilika sura. Na hapa ndipo ninapomwomba msomaji asikilize vizuri, maana habari yenyewe si ndogo.

Mwaka 1821 kijana mmoja wa Kiyoruba alitekwa na kuuzwa utumwani. Mwaka uliofuata jahazi la Wareno lililomchukua lilikamatwa na manowari ya Kiingereza, akashushwa Sierra Leone, akasomeshwa. Huyo ni Samuel Ajayi Crowther. Tarehe 29 Juni 1864 aliwekwa wakfu huko Canterbury kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza katika kanisa hilo, na hakuwa msaidizi wa mtu. Alipewa nchi za mto Niger, akazitumikia kwa zaidi ya miaka 25. Lakini uzeeni mwake walikuja wamisionari vijana kutoka Uingereza, wakaikagua kazi yake, wakawafukuza wasaidizi wake, wakamvunjia heshima hadharani mwaka 1890. Crowther akafa tarehe ya mwisho ya Desemba 1891.

Je, kiti chake kilipewa nani? Alipewa Mwingereza. Na ili Waafrika wasinung'unike sana, mwaka 1893 wawili wao, Isaac Oluwole na Charles Phillips, walifanywa maaskofu wasaidizi. Watu wa Lagos walielewa mara moja maana yake. Mwafrika ambaye jana alikuwa askofu, leo amekuwa msaidizi wa askofu. Nusu karne na zaidi ilipita kabla ya Mwafrika kukalia tena kiti cha uaskofu katika nchi ile.

Tazama, msomaji, jinsi neno zuri linavyoweza kutumika. "Msaidizi" ni neno la upole na unyenyekevu. Lakini pale lilikuwa dari. Lilimwambia mtu mweusi: panda mpaka hapa, na hapa ndipo mwisho.

Turudi sasa pwani yetu. Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, akiwa amepitia Unguja na kupewa barua na Sayyid Said. Miezi michache baadaye akamzika mkewe na mtoto wake mchanga ng'ambo ya Mombasa. Mwaka 1875 wamisionari wa Kiingereza wakaanzisha Frere Town kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na kengele yao ndiyo iliyopaita mahali pale Kengeleni mpaka leo. Miongoni mwa waliokuja kufanya kazi huko na Rabai walikuwamo Waafrika waliolelewa Bara Hindi, nao mashuhuri zaidi ni William Jones na Ishmael Semler. Mwaka 1885 askofu James Hannington aliwapa hawa wawili daraja ya ushemasi.

Mwaka huohuo Hannington alifunga safari ya Uganda, na Jones akafuatana naye. Askofu akatangulia na watu wachache, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba. Na aliyewakusanya waliobaki, akauongoza msafara wenye njaa na msiba kutoka ndani ya bara hadi Rabai mwanzo wa mwaka 1886, alikuwa nani? Alikuwa Jones, yule shemasi. Ulimwengu mzima ulisoma habari za Hannington, na makanisa yakaitwa kwa jina lake. Ni wangapi hapa pwani waliowahi kulisikia jina la Jones? Hao waliofuatia kushika kiti, Parker, Tucker, Peel, Heywood, Crabbe, wote walitoka Uingereza. Jones hakuwa askofu, wala msaidizi hakuwa.

Na Vanga yetu ilikuwa wapi katika mambo hayo? Ilikuwa mpakani, kama ilivyo leo. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi ya Sultani, mstari wao ulianzia kwenye mlango wa mto waliouandika kwa jina la Wanga au Umba. Hivyo mji wetu ukaingia katika maandiko ya mataifa makubwa bila ya mtu wetu hata mmoja kuulizwa. Basi na makanisa nayo yakafuata migawanyo yao. Upande wetu wa kaskazini ulikuwa wa askofu wa Mombasa, wa chama cha wamisionari wasiopenda mapambo wala uvumba. Kusini, Tanga na Usambara, palikuwa pa askofu wa Zanzibar, wa chama kingine chenye kupenda ibada za uvumba na mavazi. Wote wawili ni Waanglikana, na kati yao wamekaa Wavumba na Wadigo wakiswali zao tano.

Mwaka 1913 askofu wa Mombasa, William Peel, na mwenziwe wa Uganda, John Willis, walikutana huko Kikuyu na wamisionari wa madhehebu mengine wakatafuta njia ya kushirikiana, na mwisho wa mkutano wakashiriki meza moja ya ibada. Askofu wa Zanzibar, Frank Weston, alipopata habari aliwashitaki kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba wamezua jambo katika dini. Magazeti ya London yakachachamaa. Kabla hukumu haijatoka vita vya 1914 vikaanza, na Januari 1915 mizinga ikalia Jasini, mlangoni petu, ambapo wanajeshi wa Kiingereza na wa Kihindi walisalimu amri mbele ya Wajerumani. Hukumu ya Canterbury ilitoka mwaka huohuo wa 1915, nayo haikumridhisha kabisa hata mmoja wao.

Naieleza habari hii kwa sababu moja. Katika mgogoro ule mzima, uliohusu makanisa ya Waafrika katika nchi ya Waafrika, hapakuwa na Mwafrika hata mmoja mwenye daraja ya kutoa sauti. Walikuwapo mapadri weusi. Cecil Majaliwa alikwisha kupewa upadri Unguja tangu mwaka 1890. Lakini askofu mweusi Afrika ya Mashariki hakuwapo, hata wa kusaidia.

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1947, Aberi Balya alipofanywa askofu msaidizi wa Uganda. Huku Mombasa, ambayo dayosisi yake wakati ule ilikuwa Kenya nzima, askofu msaidizi alikuwa Leonard Beecher, Mwingereza, tangu mwaka 1950, na mwaka 1953 akapanda kuwa mwenye kiti. Kisha ikaja siku ya tarehe 15 Mei 1955. Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, alikuja mwenyewe Namirembe, Kampala, akawaweka wakfu Waafrika wanne kwa mkupuo mmoja: Festo Olang' na Obadiah Kariuki kuwa wasaidizi wa Mombasa, Daniel Deng Atong wa Sudani, na Yohana Omari wa Tanganyika ya Kati. Jina hili la mwisho, Omari, najua halitampita msomaji wa pwani bila ya kusimama kidogo.

Wote wanne walikuwa wasaidizi. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari, magereza yamejaa, na serikali ya kikoloni ikimtilia shaka kila mtu mweusi mwenye kufuatwa na watu. Je, cheo walichopewa kilikuwa ngazi, au kilikuwa dari ileile ya Lagos? Siku ile hapana aliyeweza kujua. Mwenzao Beecher alikaa katika usaidizi miaka mitatu. Olang' na Kariuki walikaa sita, mpaka mwaka 1961 walipokatiwa dayosisi zao, mmoja Maseno na mwingine Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a. Mwaka 1964 kiti chenyewe cha Mombasa kikakaliwa na Peter Mwang'ombe, na mwaka 1970 Olang' akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa Kenya. Na katika zama zetu hizi, Dayosisi ya Malindi ilipokatwa kutoka Mombasa, aliyekabidhiwa kuwa askofu wake wa kwanza, Lawrence Dena, alikuwa amepitia mlango huohuo wa usaidizi.

Kwa hiyo cheo ni kimoja, lakini kwa Oluwole kilikuwa dari na kwa Olang' kikawa ngazi. Tofauti haikuwa katika cheo, ilikuwa katika nia za waliokitoa na katika subira na sauti za waliokipokea.

Sasa nauliza swali ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mimi, mtu wa Vanga, mtoto wa chuoni, nimeyajuaje haya yote? Nimejuaje kwamba Beecher alingoja miaka mitatu na Olang' sita? Nimejuaje kwamba mwaka 1893 kiti kilibadilishwa kikawa kigoda? Nimeyajua kwa sababu kanisa liliandika. Liliandika nani, lini, wapi, na nani aliyemwekea mikono. Liliandika hata pale ambapo maandiko yenyewe yanaliaibisha. Waliomdhulumu Crowther waliacha karatasi zao, na karatasi hizo leo ndizo zinazowashitaki. Dhuluma iliyoandikwa huweza kuonekana, na inayoonekana huweza kurekebishwa. Isiyoandikwa hufa pamoja na aliyedhulumiwa, kisha wajukuu wa pande zote mbili hukaa wakiambiana kwamba mambo yalikuwa shwari.

Nasi je?

Mtu asinielewe vibaya akadhani nasema Waislamu hatuna asili ya kuandika. La hasha! Elimu ya kuandika watu ni yetu. Wanavyuoni wa Hadithi hawakupokea neno mpaka wajue limepokewa kutoka kwa nani, naye kutoka kwa nani, alizaliwa lini, alikufa lini, na kumbukumbu yake ilikuwaje. Wameandika majalada na majalada juu ya watu ambao hawakuwa na cheo chochote, ila walisikia na wakafikisha. Na cheo cha msaidizi nacho tunakijua asili yake. Nabii Musa (A.S.), alipotumwa kwa Firauni, alimwomba Mola wake ampe msaidizi katika jamaa zake, ndugu yake Haruni, ampe nguvu kwaye. Wala Haruni hakufichwa; ametajwa kwa jina katika Kitabu. Na Mtume (S.A.W.) alipokuwa katika maradhi yake ya mwisho alimwamuru Abu Bakari aswalishe watu, na umma mzima unajua mpaka leo ni nani aliyesimama mahali pale.

Hata hapa kwetu wako walioushika mwendo huo. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1968, alitunga kitabu juu ya wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika ya Mashariki, akawataja kwa nasaba zao, walimu wao na wanafunzi wao. Kabla yake Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, mwanzoni mwa miaka ya 1930, alichapisha magazeti Mombasa akiwahimiza Waislamu waandike na wasome. Na mimi mshairi sina budi kukiri jambo jingine: mengi katika mashairi ya Muyaka bin Haji yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa aliyakusanya, na padri mmoja wa Kiingereza, William Taylor, akayatia katika karatasi. Mwislamu alikumbuka, padri akaandika. Laiti mmoja wao angelala, leo tungekuwa na jina la Muyaka bila ya Muyaka.

Lakini hao ni wakubwa. Ninaowalilia mimi ni wadogo, na hasa manaibu.

Nilikuwa na mjomba wangu, ndugu wa mama, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mvuvi, naye alikuwa naibu wa imamu katika msikiti mmoja wa pande hizi ambao sitautaja. Kwa miaka inayopata thelathini, imamu akisafiri, yeye huswalisha. Imamu akiugua, yeye huswalisha. Na Alfajiri za mvua ya masika ambazo wengine hawakutoka, yeye alitoka, akaadhini mwenyewe, akaswalisha watu wawili watatu. Maiti aliosha yeye. Watoto wa masikini aliwasomesha yeye, bila ya ada. Juu ya hayo alikuwa akimsaidia msimamizi wa wakfu wa msikiti, akihesabu nazi za shamba dogo la minazi lililoachwa na bibi mmoja wa zamani ili mafuta ya taa yasikosekane msikitini.

Mjomba alipofariki, msikiti ulikuja kujengwa upya kwa fedha za wahisani. Ukawa mzuri, mashallah, na ukutani pakatiwa jiwe jeupe lenye majina: majina ya waliotoa fedha, jina la imamu, jina la mgeni aliyefungua. Siku ya ufunguzi nilisimama mbele ya jiwe lile pamoja na mjukuu wa mjomba, mtoto wa miaka tisa aliyekwisha kujua kusoma. Akalisoma jiwe kutoka juu mpaka chini, akarudia tena, kisha akaniuliza, "Babu yangu yuko wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwambia, "Mungu anamjua." Ni kweli Mungu anamjua, lakini mtoto hakuwa akimwuliza Mungu, alikuwa akituuliza sisi.

Hilo ni la machungu ya moyo, na mtu anaweza kusema moyo ujitulize. Basi sikiliza la pili, ambalo si la moyo. Miaka michache baadaye alitokea mtu akadai kwamba lile shamba la minazi ni la ukoo wake na halikuwa la wakfu. Shauri likafika mbele ya wakubwa. Tukaulizwa: nani aliyelisimamia shamba hili, tangu mwaka gani hata mwaka gani, na mapato yake yaliandikwa wapi? Sote tulijua, kila mzee aliyekuwapo angeweza kuapa kwamba alimwona mjomba akihesabu nazi pale. Lakini mzee mmoja alisema ni miaka ishirini, mwingine akasema thelathini, na wa tatu akachanganya jina la mjomba na la nduguye. Karatasi hata moja haikuwapo. Aliyedai alikuwa na karatasi. Shamba likaenda. Taa za msikiti leo ni za umeme, alhamdulillahi, lakini sadaka ya yule bibi imekatika, na aliyeikata si mdai peke yake. Sisi pia tuliikata, kwa kutoandika.

Najua majibu yatakayokuja, maana nimekwisha kuyasikia barazani.

Watasema kwanza: kazi ya Mungu haitaki sifa, na kuandikwa majina ni ria. Nasema, ria ni ya mtendaji anapotaka aonekane. Ushahidi ni wa jamii, nao ni wajibu. Mjomba hakutaka kuandikwa. Hiyo ilikuwa heshima yake. Kutomwandika sisi ni aibu yetu. Na kama majina ni ria, mbona yale ya waliotoa fedha tuliyachonga katika jiwe? Au ria huwa kwa masikini tu?

Watasema pili: unasifu kanisa. Msomaji aliyenifuata mpaka hapa anajua kwamba sikulisifu. Nimesema waziwazi kwamba lilimnyima Crowther heshima yake, na kwamba liliwaweka watu weusi chini ya dari kwa miaka mingi. Nilichokisifu ni daftari lake. Sahani nzuri ni nzuri hata ikiwa kwa jirani.

Watasema tatu: sisi tu watu wa mdomo, tunakumbuka kwa nyimbo na kwa nasaba. Ni kweli, na mimi nimelelewa na hayo. Lakini mdomo huchagua. Sisi Wavumba tunaweza kuwataja madiwani wetu wa kale waliopigiwa siwa, mmoja baada ya mwingine. Je, ni nani anayeweza kunitajia aliyelipuliza siwa? Mdomo humkumbuka mkubwa, humsahau naibu. Daftari halina upendeleo huo. Mstari wa naibu ni sawa kwa urefu na mstari wa imamu.

Maoni yangu basi ni haya, wala si magumu. Kila msikiti, kuanzia Vanga na Jimbo mpaka Shimoni, Msambweni na Diani, uwe na daftari moja lililojalidiwa. Ndani yake yaandikwe majina ya imamu, naibu, muadhini, mwalimu wa chuo na khalifa wake, mwosha maiti wa kiume na wa kike, msimamizi wa wakfu na msaidizi wake. Kila mmoja na mwaka alioanza na mwaka alioacha. Na iandikwe pia sababu ya kuacha: amekufa, amehama, au ameondolewa. Hili la kuondolewa lisiogopwe, maana ndilo litakaloamua baada ya miaka hamsini kama alionewa. Nakala ya pili iwekwe nyumba nyingine, kwa sababu Vanga tunalijua bahari na tunaujua mto Umba unapofurika. Kazi yenyewe wapewe vijana wetu waliosoma, nao waanze na wazee walio hai, kabla ya masika mengine kupita.

Mimi nimekwisha kuanza. Juma lililopita yule kijana aliyeniuliza swali barazani amekuja nyumbani na daftari jipya. Akaniamkia, akaketi, akauliza, "Ami, tuanze na nani?" Nikamwambia andika jina la mjomba wangu. Akaandika jina, kazi, na miaka kwa makisio, akaweka alama kwamba ni makisio. Kisha nikamtungia ubeti huu wa kuandika ukurasa wa kwanza:

Kitabu kifungueni, majina tuyaandike,
Walosimama safuni, wote nao watajike,
Wa mbele na wa pembeni, daima wafahamike,
Asiyetiwa winoni, ni nani amkumbuke?